Kompyuta mpakato ndogo: Mpya ya bei nafuu au iliyostaafu ofisini?

MWANAFUNZI anayejiunga na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, mwalimu mjini Iringa na karani wa ofisi huko Kilolo wana kazi tofauti, lakini wanapoingia dukani kutafuta kompyuta mpakato ndogo ya kubeba kila siku, hukutana na swali lile lile. Juu ya meza huwekwa mbili. Moja ni mpya, nyepesi, ingali ndani ya boksi lake. Nyingine imetumika miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya au Marekani na kona zake zimechubuka. Bei zake zikikaribiana, macho huvutwa na ile mpya, na hapo ndipo akiba ya miezi mingi inapoweza kupotea.

Kompyuta ndogo za bei nafuu zilipata umaarufu mwaka 2007, kampuni ya Asus ya Taiwan ilipotoa Eee PC, yenye kioo cha inchi 7, uzito usiofika kilo moja na hifadhi ya gigabaiti 4 tu. Kampuni nyingine zikaiga upesi, kisha aina hiyo ikafifia miaka michache baada ya iPad kuingia sokoni mwaka 2010. Jina lilitoweka, lakini hesabu yake imebaki: ili bei ishuke, mtengenezaji hupunguza vitu ambavyo mnunuzi havioni kwa macho.

Vitu hivyo ni viwili. Cha kwanza ni kumbukumbu ya kufanyia kazi. Mashine mpya ya bei ya chini mara nyingi huwa na gigabaiti 4, tena zimechomelewa kwenye bodi kiasi kwamba fundi hawezi kuongeza. Kurasa chache za intaneti zikifunguliwa pamoja na waraka mmoja, mashine huanza kusuasua. Cha pili ni hifadhi. Zile za bei ya chini hutumia hifadhi ya aina ya eMMC, ambayo ni ya polepole kuliko SSD na kwa kawaida haibadilishwi. Windows 11 yenyewe hudai kompyuta yenye hifadhi isiyopungua gigabaiti 64, hivyo aliyenunua ya kiasi hicho amenunua kima cha chini kabisa, na kila sasisho likija nafasi ya nyaraka zake hubanwa.

Mashine iliyostaafu ofisini ilitengenezwa kwa hesabu nyingine. Dell Latitude 7290 na HP EliteBook 830 G5, zote za mwaka 2018, hutumia SSD, zina kibodi imara na kumbukumbu yake huweza kuongezwa. SSD haina kitu kinachozunguka ndani, jambo lenye maana kwa anayesafiri na kompyuta katika barabara za vumbi, kwa kuwa diski za zamani huumia zikitikiswa zinapofanya kazi. Lenovo ThinkPad X280 ni nyepesi pia, ila kumbukumbu yake imechomelewa. Anayeitaka atafute yenye gigabaiti 8 au zaidi tangu mwanzo.

Umri, hata hivyo, una mpaka. Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na Windows 11 rasmi hukubali prosesa za Intel Core kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache mno. Kizazi husomwa katika namba inayofuata alama ya i3, i5 au i7: i5-5300U ni cha tano, i5-8250U ni cha nane, na i5-1135G7 ni cha 11. Muuzaji anayesema tu kwamba mashine ni "i5" hajasema kitu. Ya kizazi cha tano bado yaweza kufaa kwa anayekubali kutumia Linux na LibreOffice, ambazo hazilipiwi. Wala si jambo geni nchini, kwani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Udhaifu mkubwa wa mashine iliyotumika ni betri. Kina cha bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, kiliposhuka mwaka 2006 na mgawo wa umeme ukaja, wakazi wa mijini walijifunza maana ya betri inayokaa. Katika Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo ilionao sasa. Ikiwa ilikuwa ya wati-saa 48 na sasa hujaa 20, bei ya betri nyingine itolewe katika bei ya mashine. Anayefanya kazi vijijini kusiko na umeme wa uhakika ana sababu ya haki ya kuchagua ile mpya, mradi iwe na gigabaiti 8, kwa kuwa prosesa zake ndogo hula umeme kidogo. Apendelee pia inayochajiwa kwa USB-C, huku akijua kwamba pawabenki ya kawaida ya simu haitoshi; huhitajika inayotoa takriban wati 45.

Tahadhari ya pekee ni kwa Chromebook zilizotoka mashuleni ng'ambo. Hizo hutegemea sana intaneti, na kila moja ina tarehe ya mwisho ya kupata masasisho, ambayo huenda imekwishapita. Mashine yoyote ambayo ikiwashwa huonyesha jina la shule au kampuni ya kigeni, au hudai nywila asiyoijua muuzaji, iachwe hapo hapo.

Ugumu upo kwa anayenunua kwa simu kutoka Kariakoo na kutumiwa mzigo kwa basi. Bei huweza kuwa nafuu, lakini kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na majaribio haya hufanyika mzigo ukiwa umekwishalipiwa. Kabla ya kutuma fedha, aombe picha ya ripoti ya betri na ya namba ya prosesa, risiti ya EFD, na maandishi yanayotaja siku za kujaribu pamoja na nani atalipa nauli ya kurudisha.