Mkalamu Katika Bustani ya Shule

Mvua zinapoanza, pembezoni mwa vichaka vya Afrika Mashariki huchomoza mmea mwembamba utambaao, wenye maua mekundu na manjano mithili ya ndimi za moto. Huo ndio mkalamu, ambao Linnaeus aliupa jina la kisayansi Gloriosa superba mwaka 1753. Nchini Zimbabwe ni ua la taifa. Katika bustani ya shule mmea huu una mafunzo mengi, ilimradi mwalimu aujue vyema kabla ya kuupanda.

Shina la mkalamu ni dhaifu. Ncha za majani yake zimerefuka zikawa mikono ya kushikia. Zikigusa kijiti hujiviringisha, kwa kuwa upande ulioguswa hukua polepole kuliko upande wa pili. Katika ua, petali sita hupinda nyuma, na kijiti kibebacho stigma hupinda pembeni, mbali na chavua ya ua lenyewe. Kwa njia hiyo uwezekano wa ua kujichavusha hupungua.

Wakati wa kiangazi majani hukauka, na uhai hubaki katika kiazi chenye umbo la herufi V. Kipandwe mwanzoni mwa mvua kikiwa kimelala, kina cha sentimita 5 hadi 10, katika udongo usiotuamisha maji. Ncha yake isivunjwe, kwani ndipo chipukizi litokeapo. Visimikwe vijiti vyembamba, maana ncha za majani haziwezi kuzunguka nguzo nene.

Sehemu zote za mkalamu, hasa kiazi na mbegu, zina sumu iitwayo kolkisini. Sumu hii huzuia kujengeka kwa nyuzi ndogo zinazovuta kromosomu wakati seli inapogawanyika. Madaktari huitumia kwa kipimo kidogo kutibu jongo, na tangu mwaka 1937 watafiti wameitumia kuzidisha kromosomu za mimea. Lakini mtu alapo kiazi hicho, seli zigawanyikazo upesi, kama za utumbo na uboho, huharibika. Huko Sri Lanka wako waliokufa baada ya kukila wakidhani ni kiazi kikuu. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Kwa hiyo mkalamu usipandwe karibu na mazao ya chakula. Uwekewe kibao cha onyo, na viazi vishikwe kwa glavu. Aliyekila apelekwe hospitali mara moja, hata kama bado hajisikii vibaya, kwani dalili huweza kuchelewa kwa saa kadhaa.