Ujuzi wa Uzazi Zahanatini: Kwa Nini Semina Moja Haitoshi

Katika wilaya za Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, kama kwingineko vijijini nchini Tanzania, mjamzito huanzia zahanati, yaani kituo cha ngazi ya chini kabisa cha huduma za afya, ambako watumishi wachache hugawana kliniki ya wajawazito, chanjo, wagonjwa wa nje na chumba cha kujifungulia. Ugumu wa kuwafundisha watumishi hao hautokani na uchache wao pekee, bali pia na tabia ya dharura za uzazi zenyewe, ambazo huua haraka ilhali katika kituo kidogo hutokea kwa nadra.

Ichukuliwe, kwa mfano, zahanati inayozalisha wanawake 10 kwa mwezi: ikiwa mmoja kati ya 20 atavuja damu kupita kiasi, kituo kitapata wanawake 6 wa namna hiyo kwa mwaka, na wakiwapo watumishi watatu wanaopokezana zamu, kila mmoja atakutana na wawili tu. Kifafa cha mimba, yaani degedege linaloambatana na shinikizo la damu la ujauzito, ni adimu zaidi, hivyo mkunga aliyefaulu vizuri chuoni anaweza kukaa muda mrefu bila kukitibu.

Ushahidi kwamba semina moja haizibi pengo hilo la uzoefu umepatikana Tanzania kwenyewe. Katika hospitali ya vijijini ya Haydom, mkoani Manyara, mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua yaliboresha utendaji wa watumishi mbele ya mdoli wa mafunzo, lakini hayakubadili walichofanya wodini. Vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua baadaye, mazoezi mafupi yalipoanza kurudiwa mara kwa mara hapo hapo kazini.

Kwa upande wa mama, utafiti uliotangazwa mwaka 2023, uliohusisha hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionyesha kwamba kupima damu kwa shuka lenye mfuko wa vipimo, badala ya kuikadiria kwa macho, na kutoa kwa pamoja matibabu yote ya awali, yaani kukanda mji wa mimba, dawa ya oksitosini ya kuubana, dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, maji ya mshipa na uchunguzi wa chanzo, kulipunguza madhara makubwa ya uvujaji kwa asilimia 60.

Mara ina mahitaji yake. Malaria ya ukanda wa Ziwa Victoria huwaacha wajawazito wengi na upungufu wa damu, kiasi kwamba hata uvujaji wa wastani huwa hatari. Makovu ya ukeketaji huweza kusababisha michaniko na kuchelewesha uzazi. Na katika visiwa kama Rukuba safari ya rufaa huanzia majini, jambo linalomlazimu mkunga kujua mapema wakati wa kupiga 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama unaoratibu usafiri wa dharura.

Kwa hiyo timu za afya za wilaya zingefaidika zaidi kwa kuacha mdoli zahanatini, kutenga dakika chache za mazoezi kila wiki na kumtuma mkufunzi kituoni, akianzia kwa watumishi waliohamishiwa karibuni. Mafanikio nayo yapimwe si kwa idadi ya vyeti, bali kwa dakika zinazopita tangu damu ianze kuvuja hadi mama apate dawa, na kwa kuhakikisha kuwa oksitosini hiyo imehifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8, kwani iliyoharibiwa na joto haimsaidii hata mkunga hodari.