Ramani ya Angani na Kiwanja cha Mnyonge

Ukijaaliwa kupata fedha kidogo za kununua kiwanja hapa Unguja, utakwenda kwa nani kwanza? Wengi wetu hujibu: kwa dalali. Na siku hizi hata kwenda si lazima. Dalali anatia picha ya kiwanja katika simu, anaandika bei na namba yake, basi mtu aliyeko Nungwi anakiona kiwanja cha Fuoni naye amekaa barazani kwake. Picha ile inaonyesha mchanga, minazi miwili na labda rundo la matofali. Haionyeshi mwenye haki ya ardhi ile ni nani. Wala haionyeshi maji ya masika yanasimama wapi. Na hayo mawili ndiyo yanayowafilisi watu.

Leo tunataka kueleza juu ya chombo kingine, ambacho hakipigiwi debe kama viwanja vya madalali, lakini chaweza kumsaidia zaidi mtu wa kipato kidogo. Nacho ni ramani iliyopigwa kutoka angani.

Kwanza tuitazame shida yenyewe. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar yote. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773, na karibu nusu yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Watu hawa wote wanataka pa kulala. Mji Mkongwe hauna nafasi. Nyumba zake ni za mawe na chokaa, nyingi ni za wakfu au za serikali, na katika baadhi yake familia kadhaa zinabanana ndani ya nyumba moja huku matengenezo hayafuati. Tena tangu 2000 mji ule umo katika orodha ya urithi wa dunia, kwa hiyo mtu hawezi kuvunja na kujenga atakavyo.

Baada ya Mapinduzi, wakati wa Mzee Karume, serikali ilianza kuwajengea wananchi magorofa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Ndiyo yale ya Kikwajuni, Kilimani na Michenzani, na hata shamba yalifika, Makunduchi na Bambi. Lakini Ujerumani ya Mashariki haipo tena tangu 1990. Na nyumba mpya zinazojengwa Fumba, bei zake zimekuwa zikitangazwa kwa dola. Muuza maandazi atazipata wapi dola?

Basi mnyonge anajijengea mwenyewe. Ananunua kiwanja pembezoni mwa mji, mara nyingi katika ardhi iliyokuwa shamba la eka tatu. Eka tatu zile walipewa wakulima baada ya Mapinduzi ili walime. Hazikukusudiwa kukatwa vipande vya nyumba. Lakini mji umezifuata huko huko, na mwenye eka au watoto wake wanauza kipande kimoja kimoja kwa karatasi ya mkono. Bei ni nafuu, ndiyo, lakini unafuu ule una sababu yake: mnunuzi hakupata hati wala njia, na hakuna aliyempimia. Akitokea mtoto mwengine wa marehemu akasema yeye hakushirikishwa, kesi inaanza.

Sasa turudi kwenye ramani. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kwa kusaidiwa na Benki ya Dunia, walianza kuvipiga picha visiwa vyetu kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Waliozirusha wengi ni vijana wa hapa hapa, wanafunzi wa chuo. Ndege yenyewe haifiki kilo moja. Mwili wake ni wa povu gumu, mfano wa yale masanduku meupe ya kuwekea samaki. Kijana anairusha kwa mkono, nayo inakwenda na kurudi kwa mistari kama mtu anayelima matuta, huku ikipiga picha chini. Picha hizo ni kali kiasi cha kuonyesha kisima, njia ya miguu na bati lililotoboka.

Jambo la ajabu zaidi ni kuwa picha hizi zinapima urefu wa ardhi kwenda juu. Vipi? Hebu funga jicho moja, halafu jaribu kutia uzi katika tundu la sindano. Utahangaika, maana jicho moja halijui vizuri umbali. Macho mawili yanajua, kwa sababu kila moja linakitazama kitu kutoka upande wake. Ndege nayo inapiga mahali pamoja mara nyingi, kila mara iko sehemu nyengine. Kompyuta inazilinganisha picha zile na kupata mahali palipoinuka na palipobonyea. Basi bonde ambalo wakati wa kiangazi ni kavu na limepandwa muhogo, katika ramani hii linajulikana kuwa ni bonde. Wakaazi wa Mwanakwerekwe na Sebleni hawahitaji kuelezwa thamani ya habari kama hiyo. Maji waliyaona ndani ya vyumba vyao.

Mwaka 2018 yalifanyika mashindano ya wataalamu wa kompyuta kutoka nchi mbalimbali, wakitumia picha hizi za Zanzibar. Walitakiwa kuifundisha kompyuta itambue majengo na kuyagawa makundi matatu: nyumba iliyokamilika, nyumba isiyokamilika, na msingi. Tunalipenda sana hilo kundi la tatu. Kwetu sisi msingi ni benki ya mnyonge. Mtu anauza samaki, anaweka kidogo kidogo, mwaka huu mifuko ya saruji, mwakani tofali. Nyumba yaweza kuchukua miaka kumi, na kwa miaka yote hiyo katika vitabu vya ofisi yeye hana kitu. Sasa msingi wake umeingia katika hesabu. Mpangaji wa mji anaweza kuona kuwa mahali fulani kuna misingi mingi, kwa hiyo baada ya miaka michache patakuwa na watu. Akitaka, atatenga njia, mtaro na skuli sasa, kabla watu hawajakaa. Akingoja nyumba ziishe, itabidi zivunjwe ndipo njia ipite, na wa kuvunjiwa huwa ni yule yule aliyejenga kwa miaka kumi.

Hata hivyo tusiipe ramani kazi isiyo yake. Ndege inaona paa, haioni jina. Msingi unaoonekana katika picha ya 2016 waweza kuonyesha kuwa kitu kilikuwapo, lakini hausemi ni wa nani. Katika Mji Mkongwe ndiyo kabisa: paa moja la bati linaonekana, na chini yake huwezi kujua wamo watu wangapi wala ukuta una nyufa gani. Huko lazima mtu apande ngazi na daftari mkononi. Tena picha inazeeka. Palipokuwa peupe mwaka ule, leo pengine pana nyumba ya ghorofa.

Hapo ndipo karatasi inapoingia, na ndipo kisomo chako kinapofanya kazi. Zanzibar ardhi ni mali ya umma. Unachonunua kwa mwenzako ni haki ya kuitumia, na haki hiyo lazima ihamishwe kwa njia ya sheria. Nenda kwa sheha wa mahali penyewe, si sheha wa kwako. Waulize majirani wa pande nne. Kisha nenda Kamisheni ya Ardhi ukaulize kama kiwanja kimesajiliwa na kwa jina gani, na kama mahali pale pamepangwa kwa nyumba, njia au kilimo. Uhamisho nao unapitia Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi. Ikiwa mume na mke wamechanga pamoja, majina yote mawili yaandikwe. Tumewaona akina mama waliobeba mchanga wa nyumba kichwani, na jina lao haliko popote.

Wengine hutegemea alama ya mahali inayotolewa na simu. Ni nzuri kwa kumwelekeza fundi. Kwa mpaka haifai, maana simu ya kawaida yaweza kukosea mita tano, na mita tano ni chumba kizima pamoja na ukumbi. Mpaka hupimwa na mpimaji kwa chombo chake.

Na mtu asiye na simu ya intaneti asidhani ramani hii haimhusu. Mwambie kijana wako aifungue, au ukiwa ofisini omba uonyeshwe bonde liko wapi. Ukikosa yote hayo, ngoja masika yaingie, mwezi wa tatu au wa nne, uende ukakitazame kiwanja siku ya mvua kubwa kabla hujalipa.