Usiliunguze Panga Lako kwa Mashine ya Msasa

Katika shamba hakuna chombo kinachoshikwa mara nyingi kuliko panga. Kwa panga tunafyeka vichaka, tunawakatia ng'ombe majani, tunachonga nguzo za ua na kupasua kuni. Lakini wakulima wengi hawalitunzi. Huliacha nje kwenye umande mpaka lishikwe na kutu, na likiwa butu huongeza nguvu za mkono tu. Hilo ni kosa. Panga butu huteleza juu ya mti badala ya kuingia, na likiteleza laweza kumkata mtu mguu.

Siku hizi mafundi wengi hunoa kwa mashine ya msasa. Mashine hii ina mkanda uliogandishwa punje kali za kusugulia, nao huzungushwa na mota juu ya magurudumu. Neno msasa ni la zamani: ni mti ambao majani yake hukwaruza, na maseremala waliyatumia kulainisha mbao. Mkanda wa mashine hufanya kazi ile ile, lakini kwa upesi sana. Kazi ya saa nzima kwa tupa yaweza kwisha kwa dakika chache. Tena kwa upesi huo huo panga zuri laweza kuharibika, na mwenye kuliharibu asijue.

ADUI NI JOTO

Kiwandani, chuma cha panga hutiwa moto mpaka kikawa chekundu, kisha hupozwa ghafula ili kiwe kigumu. Baadaye hupashwa moto mara ya pili, kwa kiasi, ili kisivunjike kama kioo. Joto la mashine likizidi kiasi hicho cha pili, ugumu hupungua. Kulichovya panga majini baada ya kuungua hakurudishi ugumu uliopotea.

Sehemu inayoungua upesi ni makali, kwa sababu ni membamba na joto halina pa kwenda. Chuma chenyewe hutuonya kwa rangi. Kikifika digrii 220 hivi za sentigredi hugeuka manjano kama nyasi kavu; kikizidi huwa kahawia; na karibu na digrii 300 huwa buluu. Si kila panga lililoonyesha buluu limekwisha kuharibika, kwa maana viwanda havipashi moto kwa kiasi kimoja. Lakini mkulima hana njia ya kupima, basi ni heri asingoje rangi hiyo. Panga lililoungua hurudi kutoka kwa fundi likimeta vizuri, lakini baada ya kazi kidogo makali hujikunja. Dawa yake ni kuondoa kwa tupa, polepole, chuma chote kilicholegea mpaka kufikia kilicho kigumu.

KABLA YA KUWASHA MASHINE

Vaa miwani ya kukinga macho, na ufunike pua na mdomo, maana vumbi la chuma ni baya kwa mapafu. Usivae nguo yenye mikono mipana wala glavu za kitambaa, kwa sababu mkanda waweza kuzivuta. Ondoa vumbi la mbao lililo karibu, kwa kuwa cheche zaweza kuliwasha. Watoto wakae mbali.

KUONDOA KUTU

Kwanza sugua kutu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Kisha lioshe panga kwa sabuni na kulikausha kabisa, ili mafuta yasishike moto penye cheche.

Mikanda ya msasa ina namba. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini. Anza na namba 80 ikiwa kutu ni nyingi, fuata na 120, na umalize na 220. Laza bapa la panga juu ya mkanda kwa wepesi, ukilisogeza bila kusimama mahali pamoja. Kila mara ukimaliza kulipitisha, liondoe kwenye mkanda na uliguse kwa vidole ubavuni. Likiwa la moto hata hulivumilii, lichovye katika ndoo ya maji. Usijaribu kumaliza kila kishimo cheusi cha kutu. Ukifanya hivyo utalikondesha panga bure.

KUNOA MAKALI

Panga la kukata miti lisinolewe kama wembe, maana makali membamba mno yatapasuka kwenye fundo la mti. Pembe ya digrii 20 hadi 25 kila upande yafaa. Kuipata ni rahisi: chukua karatasi yenye kona ya mraba, ikunje kona hiyo katikati, kisha ikunje tena katikati. Pembe iliyobaki ni kama digrii 22. Itumie kuwa kipimo chako.

Ikiwa mkanda unakwenda chini, makali nayo yaelekee chini, ili mkanda uyakimbie. Makali yakiukabili mkanda yaweza kuukata, na panga likarushwa. Pitisha upande mmoja mara mbili au tatu, chovya majini, kisha geuza upande wa pili. Zima mashine, ukaguse kwa uangalifu kutoka bapani kuelekea nje, usipitishe kidole kwenye urefu wa makali. Ukihisi ukingo mdogo wa chuma uliojipinda, kunoa kumekwisha. Uondoe ukingo huo kwa kinoo au kwa mkanda wa ngozi. Jaribu panga kwa bua la hindi, si kwa kidole.

ASIYE NA MASHINE

Usisikitike. Tupa na kinoo vyatosha, wala haviwezi kuliunguza panga. Libane panga juu ya gogo, sukuma tupa upande mmoja tu kwa pembe ile ile, na uinyanyue unapoirudisha. Wengi wenye mashine huitumia kwa kutu na mapengo tu, na makali ya mwisho huyafanya kwa mkono.

Kazi ikiisha, kaza kipini kinacholegea, futa panga na ulipake mafuta kidogo. Panga la jikoni lipakwe mafuta ya kupikia. Litundike mahali pakavu, mbali na watoto. Na ukilipeleka kwa fundi, simama karibu naye na uone kama ana ndoo ya maji kando ya mashine. Ikiwa hana, lirudishe panga lako nyumbani.