Taarifa kwa Wanafunzi wa Vyuo: Mafunzo ya Vitendo na Kazi za Kujitolea katika Jumuiya za Mjini Unguja

Wanafunzi wa vyuo vikuu na vyuo vyengine vya hapa Visiwani, pamoja na wazee wao, wanaarifiwa kwamba maelezo yafuatayo yametayarishwa kwa ajili ya wale wanaokusudia kufanya mafunzo ya vitendo, au kujitolea, katika jumuiya zisizo za Kiserikali zilizomo katika Mji wa Zanzibar. Nafasi hizi kwa kawaida hazigawiwi kutoka mahali pamoja. Kila jumuiya hupokea watu kwa utaratibu wake, na mwanafunzi asiyeujua utaratibu huo huenda akazunguka afisi moja baada ya nyengine hadi likizo ikamalizika.

Kwanza ni vyema ifahamike kwamba mambo haya mawili hayafanani, ingawa watu huyataja kwa pumzi moja. Mafunzo ya vitendo, ambayo wanafunzi wenyewe wamezoea kuyaita fildi, ni sehemu ya masomo. Chuo humpa mwanafunzi barua, humpangia mwalimu wa kumfuatilia, humtaka ajaze daftari la kazi za kila siku na aandike ripoti, na mwishowe humpa alama. Kujitolea ni khiari ya mtu mwenyewe. Hakuna mwalimu anayekuja kumkagua wala alama zinazotolewa, na anayejitolea anaweza kufanya kazi siku mbili tu kwa wiki huku akiendelea na masomo yake. Tafauti hii ina uzito wake. Mwanafunzi wa fildi akipotezewa wakati hupoteza na alama. Anayejitolea akipotezewa wakati anaweza kuaga kwa adabu na kuondoka.

Jumuiya nyingi zimekusanyika Mjini, na sababu yake haihitaji uchunguzi mkubwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar nzima, na kati yao 893,169 walikuwa katika Mkoa wa Mjini Magharibi, yaani karibu nusu. Hapo ndipo zilipo Wizara na bandari. Sheria ya Jumuiya Namba 6 ya mwaka 1995 nayo iliweka utaratibu wa kuandikishwa kwa jumuiya za kiraia, na katika miaka iliyofuata idadi yake iliongezeka sana, kubwa kwa ndogo. Nyengine zina wafanyakazi wa kudumu, mahasibu na magari. Nyengine ni chumba kimoja, meza mbili na katibu anayefanya kila kitu. Mwanafunzi asizidharau hizi za pili, kwani mara nyingi huko ndiko anakokabidhiwa kazi ya kweli tangu wiki ya kwanza.

Kwa upande wa sheria, taasisi kongwe inayojulikana na wengi ni Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, na ambacho miongoni mwa waasisi wake alikuwamo marehemu Profesa Haroub Othman. Kituo hicho hutoa msaada wa sheria kwa wasio na uwezo wa kuweka wakili, na kwa muda mrefu kimekuwa kikifundisha wasaidizi wa sheria wanaofanya kazi katika majimbo. Ipo pia Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ambayo wengi huijua kwa jina la ZAFELA. Mwanafunzi wa sheria anayepokelewa katika taasisi za aina hii hujifunza jambo ambalo darasani halifundishiki kwa urahisi, nalo ni kumsikiliza mtu. Mama anayekuja kulalamikia matunzo ya watoto haanzi na kifungu cha sheria. Huanza na harusi, akaja kwenye ugonjwa wa mkwe, akaingia kwenye kiwanja, na katikati ya maneno hayo ndimo lilimo dai lenyewe. Kulitoa dai hilo, kuliandika kwa Kiswahili fasaha na kulisoma mbele ya mwenyewe hadi akubali kwamba ndilo alilokusudia, ni kazi inayotosha kumshughulisha mwanafunzi mwezi mzima.

Katika utamaduni, nafasi hufuata majira. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, kwa kawaida hufanyika mwezi wa Februari Ngome Kongwe, na Tamasha la Kimataifa la Filamu, ambalo lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, huja katikati ya mwaka. Shughuli kama hizi huhitaji watu wa kupokea wageni, kufasiri, kukagua tiketi, kusimamia jukwaa na kuandika habari, lakini huwahitaji kwa wiki chache tu. Anayekwenda kuomba nafasi siku tatu kabla ya ngoma kuanza atakuta watu wameshapangwa. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, ni cha namna nyengine. Kazi yake ya kufundisha udi, ganuni, fidla na ngoma haitegemei siku tatu za tamasha, na kwa hiyo mwanafunzi wa uhasibu au wa habari ana la kufanya huko hata kama hajawahi kushika chombo cha muziki.

Hapa pana jambo ambalo mwombaji hapana budi alijue kabla hajaandika barua. Jumuiya hizi huishi kwa misaada na michango, na fedha hizo huja na kukatika. Sauti za Busara haikufanyika mwaka 2016 kwa sababu fedha za kutosha hazikupatikana, na ikarejea mwaka 2017. Chuo cha Muziki nacho kilitangaza hadharani mwaka 2019 kwamba kiko katika hatari ya kufungwa. Ikiwa taasisi zenye jina kubwa kiasi hicho hupatwa na misukosuko hiyo, ndogo hazisalimiki. Kwa hiyo si utovu wa adabu mwanafunzi kuuliza, kwa upole, kama mradi anaopangiwa una fedha zake hadi mwisho wa muda wa mafunzo. Mradi ukisimama katika wiki ya tatu, ripoti yake nayo husimama.

Ama jumuiya zinazohudumia wagonjwa, watoto na watu wenye ulemavu, hizo zinataka uangalifu wa peke yake. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar umekuwapo tangu mwaka 1985, na anayekwenda huko akidhani anakwenda kuwahurumia watu atasahihishwa mapema, kwani wanaouongoza ni wenye ulemavu wenyewe na wanajua wanalolitaka. ZAPHA+ ni jumuiya ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Katika mji ambao kila mtu ni jamaa ya mwenzake au jirani ya shangazi yake, jina moja likitajwa barazani jioni linaweza kumvunjia mtu ndoa au kumkosesha kazi. Mwanafunzi asiyeweza kukaa na jambo kifuani asiombe nafasi huko, hata kama alama zake ni za juu. Vile vile wanaofanya kazi na watoto wajue kwamba Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011 inamlinda mtoto, na kwamba kumpiga picha mtoto anayehudumiwa na kumtuma kwenye simu za marafiki si jambo la mzaha. Mwanafunzi akitakiwa kutia saini ahadi ya kutunza siri na ya kuwalinda watoto, asidhani anashukiwa. Taasisi isiyomtaka atie saini chochote ndiyo ya kutiliwa shaka.

Sasa tuje kwenye lile ambalo, kwa maoni ya ukurasa huu, ndilo kubwa kuliko yote. Malalamiko yanayosikika zaidi juu ya fildi ni ya wanafunzi waliopokelewa kwa bashasha kisha wakakaa. Mwanafunzi wa uhasibu hutumwa kutoa nakala za karatasi, kununua vocha na kupokea simu, na asionyeshwe hata daftari moja la hesabu. Wiki ya nane inapofika huwa hana la kuandika katika ripoti, naye huandika historia ya jumuiya aliyoinakili kutoka kwenye kipeperushi. Mara nyingi hapana nia mbaya. Katibu amezidiwa, hajui mwanafunzi amefundishwa nini chuoni, na anaona aibu kumkabidhi mgeni kazi nzito. Mwanafunzi naye anaona aibu kuuliza. Aibu mbili zikikutana, miezi miwili hupita.

Dawa yake ni karatasi moja, iandikwe kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Ndani yake yatajwe mambo machache tu: ni kazi gani mwanafunzi ataifanya na kuimaliza, nani atakayemwelekeza kila siku, siku na saa za kazi, na kitu gani kitakachobaki mkononi mwa jumuiya atakapoondoka. Hilo la mwisho lina maana kubwa. Hesabu za miezi sita zilizopangwa upya, orodha ya vitabu vya maktaba, kipeperushi cha sheria ya mirathi kwa Kiswahili chepesi, au majibu ya watu 60 waliohojiwa katika shehia tatu ni vitu vinavyoonekana. Mwalimu wa chuo akija kukagua ataonyeshwa, na mwajiri wa baadaye akiuliza ataonyeshwa pia. Cheti cha kuhudhuria hakina uzito kama huo, na wala si ahadi ya ajira. Karatasi hiyo itiwe saini na pande mbili, na nakala ipelekwe kwa mwalimu anayefuatilia. Jumuiya nyingi haziikatai. Huikosa kwa sababu hakuna aliyeileta.

Juu ya fedha, semeni wazi. Kwa kawaida jumuiya hazimlipi mwanafunzi mshahara, na chache humsaidia nauli au chakula cha mchana. Anayekaa Makunduchi au Nungwi na kufanya kazi Mjini siku 5 kwa wiki, kwa wiki 8, atapanda gari mara 80 kwenda na kurudi, na akilazimika kubadilisha gari njiani idadi hiyo huwa mara mbili. Hesabu hiyo ifanywe nyumbani na wazee kabla ya kukubali nafasi, kwa sababu wapo wanaoacha katika wiki ya tano kwa nauli tu, na kuacha huko huwagharimu alama. Anayejitolea anaweza kuomba apangiwe siku mbili au tatu. Wa fildi hufungwa na masharti ya chuo chake, lakini anaweza kuuliza kama jumuiya ina kazi katika mkoa anaokaa. Wanafunzi kutoka Pemba nao wakumbuke kwamba baadhi ya taasisi za Mjini, kikiwamo Kituo cha Huduma za Sheria, zina afisi Chake Chake. Kufanya mafunzo ukiwa nyumbani kwenu, bila ya kukodi chumba Unguja, si kushuka daraja.

Mwanafunzi akiombwa kulipa fedha ili apewe nafasi, asilipe kabla ya kuuliza chuoni. Wapo mawakala wanaowatoza wageni kutoka nje kwa kuwatafutia malazi na kazi za kujitolea, lakini utaratibu huo si wa wanafunzi wa hapa. Aidha, jumuiya ya halali ina cheti cha kuandikishwa kwa Mrajis, nayo haitaona haya kukionyesha. Mwanafunzi yeyote, na hasa wa kike, akiwekewa sharti lisilo la kazi, au akiitwa kwa mazungumzo ya kazi mahali pasipokuwa afisi, aondoke na amwarifu mwalimu wake siku hiyo hiyo. Si wajibu wake kuvumilia kwa kuogopa kukosa saini katika daftari.

Wanafunzi wa kigeni, pamoja na jumuiya zinazowapokea, wakumbushwe kwamba kujitolea bila ya malipo hakumwondolei mtu haja ya kibali. Viza ya matembezi si ruhusa ya kufanya kazi, na suala hilo limalizwe na Idara ya Uhamiaji kabla ya mgeni kuanza.

Kwa utaratibu wa maombi, barua iandikwe kwa Katibu au Mkurugenzi wa jumuiya, isizidi ukurasa mmoja, na iambatishwe na barua ya utambulisho ya chuo. Mwombaji aeleze amesoma nini, anaweza kufanya nini hivi sasa, na anaomba kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani. Neno "kazi yoyote" lisiandikwe, kwani ndilo linalomfikisha mtu kwenye mashine ya kutolea nakala. Lugha zitajwe, anayeandika vizuri Kiswahili na Kiingereza, au anayeijua Kiarabu cha kusoma na kuandika, ana jambo ambalo jumuiya nyingi hulitafuta. Barua ipelekwe kwa mkono, nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa, na baada ya wiki mbili mwombaji arudi kuulizia.

Maombi yaanze miezi mitatu kabla. Tarehe zitazamwe pamoja na mwandamo wa mwezi, kwa kuwa Ramadhani hutangulia kwa siku zipatazo 11 kila mwaka, na katika mwezi huo saa za kazi hupungua na mikutano ya vijijini huahirishwa. Mwanafunzi ambaye kazi yake ni kuhoji watu katika shehia aombe kuanza baada ya Sikukuu ya Idi, na akubaliane hivyo na mwalimu wake kwa maandishi kabla barua ya chuo haijatolewa, kwani tarehe zikishapigwa chapa ni taabu kuzibadilisha.