Masomo Matatu Ambayo Wazazi wa Ekerenyo Huyatilia Shaka

Kijana wa Ekerenyo akifaulu mtihani wa kidato cha nne na kupata daraja ya C+ au zaidi, mlango wa Chuo Kikuu u wazi kwake. Hapo ndipo mashauri ya nyumbani huanza. Wazazi wengi hutaja udaktari, sheria na uhandisi. Kijana akitaja elimu ya mawe, lugha ya Kijerumani au elimu ya serikali, mzazi huuliza, "Je, hiyo nayo ni kazi?" Swali hilo ni la haki, kwa maana karo hutoka katika chai na ndizi, na pengine kipande cha shamba huuzwa. Basi yafaa lijibiwe.

ELIMU YA MAWE NA ARDHI

Somo hili, liitwalo jiolojia, hueleza jinsi milima, mawe, madini na maji ya chini ya ardhi yalivyotokea na mahali yanapopatikana. Mtu asidhani kuwa ni mambo ya nchi za mbali. Jiwe laini la Tabaka, ambalo mafundi wa Kisii huchonga sahani na vinyago vinavyonunuliwa ng'ambo, ni jambo la elimu hii. Kadhalika kisima kirefu kinachotaka kuchimbwa, na udongo wa miteremko yetu ambao huporomoka mvua ikizidi. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke utokao chini ya ardhi umekuwa ukitoa umeme tangu 1981, na kazi hiyo haiendi bila wataalamu wa mawe.

Lakini madini yana mwisho. Uchimbaji wa titani katika Kwale ulikoma mwishoni mwa 2024. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye busara asijifunze habari za machimbo peke yake, bali ajue pia mambo ya maji na ya misingi ya majengo, ambayo huhitajiwa siku zote.

LUGHA YA KIJERUMANI

Wajerumani si wageni kabisa kwetu. Mwezi wa Septemba 1914 askari wao walivuka mpaka, wakaingia mji wa Kisii, na tarehe 12 wakapigana na Waingereza hapo kisha wakarudi. Hata neno "shule" tunalolitumia kila siku lilitoka katika lugha yao, na "hela" vilevile.

Siku hizi lugha hiyo haiji na bunduki. Tarehe 13 Septemba 2024, katika mji wa Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mapatano ya kuwawezesha Wakenya wenye ujuzi kwenda kufanya kazi huko kwa njia ya halali. Hapa pana jambo ambalo wazazi lazima walifahamu vema. Ujerumani hutafuta wauguzi, mafundi na watu wenye kazi za mikono, nao hutakiwa wajue lugha. Anayejua lugha peke yake hufaa zaidi kwa ualimu, ukalimani, tafsiri na kuongoza watalii. Kijana anayetaka kwenda ng'ambo afadhali ajifunze kazi na lugha pamoja.

ELIMU YA SERIKALI

Wengi hudhani kuwa somo hili ni la kumfanya mtu mwanasiasa. Hasha! Hufundisha jinsi sheria zitungwavyo, jinsi fedha za umma zigawanywavyo na kukaguliwa, na jinsi nchi zipatanavyo. Tangu Katiba ya 2010, na hasa tangu uchaguzi wa 2013, nchi yetu ina serikali za kaunti 47, na Nyamira ni mojawapo. Kazi za hospitali, barabara ndogo na kilimo sasa hupangwa karibu na nyumbani. Raia asiyeweza kusoma makadirio ya fedha hawezi kuuliza kwa nini daraja halikujengwa. Hata hivyo nafasi za ofisini ni chache kuliko waziombao, na mwenye shahada hii sharti awe hodari wa kuandika na wa hesabu.

LA KUFANYA

Kuuliza si ujinga. Kabla ya kujaza fomu za KUCCPS, mzazi na kijana waulize mambo manne: chuo gani hufundisha somo hilo, maana si vyote, masomo gani ya sekondari hutakiwa, karo ni kiasi gani, na waliomaliza miaka ya karibuni wanafanya kazi gani. Wakumbuke pia kwamba mkopo wa HELB ni deni, nalo hulipwa.

Kijana aliyechagua kwa kujua, akalipenda somo lake, hufika mbali kuliko yule aliyesukumwa katika udaktari asioutaka. Shamba likishauzwa halirudi. Basi swali la mzazi liulizwe mapema, wala si baada ya miaka minne.