Mbwa wa Feri wanatafuta ufuko

Mnada wa asubuhi ulikuwa umekwisha pale Soko la Samaki la Feri, Dar es Salaam. Wachuuzi walikuwa wakipakia ndoo za vibua na changu kwenye bajaji, wanaopara samaki wameinamia meza zao, na maji yenye magamba yanatiririka kuelekea mtaroni. Upande wa ufukweni, chini ya mtumbwi uliopinduliwa, alilala mtoto wa mbwa wa miezi miwili hivi. Jike, rangi ya udongo, tumbo limejaa minyoo, na ndani ya masikio kupe wamenona kama punje za kunde.

Mama mmoja anayekaanga samaki jirani na pale aliniona nimechutama. "Mchukue, dada," aliniambia. "Waliletwa wanne, usiku, kwenye kiroba. Kabaki huyo."

Nilimchukua. Bodaboda wa kwanza alikataa kunibeba. Wa pili alikubali baada ya mtoto kuingizwa kwenye boksi na kufunikwa kanga. Nyumbani ninakopanga, mwenye nyumba alinipa siku tatu niwe nimemwondoa. Daktari wa mifugo akampa dawa ya minyoo na ya kupe, akaniambia nimrudishe akifikisha miezi mitatu kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Rafiki mmoja mwenye uwanja akanisitiri kwa muda. Baada ya hapo nikaanza kutafuta mtu wa kumchukua moja kwa moja, na hapo ndipo nilipoiona kazi yenyewe.

Kila niliyempigia simu aliniuliza swali lile lile kwanza: "Dume au jike?" Nikisema jike, mazungumzo yanaishia hapo. Jike huzaa, na watoto hawana wa kuwachukua. Swali la pili lilikuwa la mbegu. Watu wanataka German shepherd wa kutisha wezi, si mbwa wa kienyeji mwenye masikio yaliyochakazwa na kupe. Wawili walikuwa tayari kumpokea, lakini nilipowauliza atakaa wapi, wote walinionyesha mnyororo mfupi karibu na geti. Mbwa anayefungwa mchana na usiku, juani na mvuani, hajapata nyumba. Amehamishwa tu kutoka shida moja kwenda nyingine. Niliwakatalia, na iliniuma kuwakatalia, kwa sababu sikuwa na mwingine.

Wapo pia waliokataa kwa sababu ya dini, nao ninawaheshimu. Katika fikihi ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Chumba kimoja cha kupanga Ilala au Kariakoo, mahali pa kulala, kupika na kuswali, hakina nafasi ya mbwa. Lakini dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda, na wengi wetu tulikua tukisimuliwa habari ya mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Asiyeweza kumfuga mbwa anaweza kumwekea maji. Anaweza pia kumkataza mtoto wake asimpige mawe.

Wakati naendelea kutafuta, swali la kile kiroba halikuniacha. Nani alikileta? Tumezoea kusema "mbwa koko" kana kwamba wanachipuka jalalani. Watafiti wa kichaa cha mbwa hapa Tanzania wameonyesha kwamba mbwa wengi wanaozurura wana wenyewe: hufunguliwa usiku, hupandana mitaani, hurudi kuzaa nyuma ya nyumba. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63. Watoto wakizaliwa, madume hugawiwa, majike hutiwa kwenye kiroba. Feri inawafaa wanaotupa kwa sababu matumbo ya samaki hayakosekani, na anayetupa hujifariji kwamba hawatakufa njaa.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008, na inamtaka mwenye mnyama amtunze, asimtese. Hata hivyo, mbwa wanapozidi mtaani, dawa iliyozoeleka katika halmashauri nyingi imekuwa risasi au sumu. Hofu iliyo nyuma ya risasi hiyo ni ya kweli. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Makadirio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliweka vifo vya Watanzania karibu 1,500 kwa mwaka, na watoto ni wengi miongoni mwa wanaoumwa na mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie chanjo hospitali siku hiyo hiyo.

Lakini risasi haijamaliza ugonjwa huo. Ukiua mbwa wa mtaa mmoja, chakula walichokuwa wakila kinabaki, na wengine wasiochanjwa wanakuja kukila. Kinachoukata ugonjwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Pemba walifanya hivyo, na ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Uliporudi mwaka 2016 walichanja tena kisiwa kizima, ukatoweka tena.

Mashirika kama TAWESO hapa Dar es Salaam na Mbwa wa Africa kule Arusha yanachanja, yanatibu na kufunga kizazi. Ni machache, na hakuna banda litakalowatosha mbwa wote wanaotupwa. Kila nafasi moja inayopatikana, kiroba kingine kinafunguliwa mahali fulani. Ndiyo maana naamini fedha za manispaa zinazokwenda kwenye risasi zingefaa zaidi zikilipia upasuaji wa kufunga kizazi kwa bei ambayo mtu wa Mbagala au Kigamboni anaimudu, pamoja na chanjo.

Nasema hivyo kwa sababu ya jinsi mambo ya yule jike yalivyokwisha. Alipofikisha miezi sita nilimpeleka akafungwa kizazi. Nikarudi kwa mchuuzi mmoja wa samaki anayeishi Kigamboni, aliyekuwa amenikatalia mwanzoni. "Hatazaa tena?" aliniuliza. Nikamwonyesha mshono. Akakubali siku hiyo hiyo.

Tulivuka na pantoni, mbwa ndani ya boksi, abiria wengine wakisogea pembeni kidogo. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Wale watatu waliokuwa naye kwenye kiroba hawakuuona. Huyu aliuona kwa sababu ya upasuaji mmoja, na hakuna watoto wake watakaoletwa Feri usiku. Pantoni ilipogusa ng'ambo, mchuuzi yule mwenyewe alilibeba boksi, akalipandisha hadi barabarani bila kulitua.